Nyakati za vitenzi vya Kiingereza kwa mtoto anayesubiri kidato cha kwanza: nianzie wapi?

Mzazi wa Kibaha

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wenu. Binti yangu amemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali, ambako alifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza akakisoma kama somo tu. Januari ataingia kidato cha kwanza, na huko karibu kila somo isipokuwa Kiswahili litafundishwa kwa Kiingereza. Miezi hii ya kusubiri tunaitumia kupitia nyakati za vitenzi, kwa sababu maneno anayajua mengi kwa umri wake, lakini akishayaunga katika sentensi wakati unapotea, na msomaji hawezi kujua kama jambo limekwisha kutendeka, linatendeka au litatendeka.

Daftari lake la masomo ya ziada lina jedwali linalolinganisha viambishi vyetu na vya Kiingereza moja kwa moja: -li- ni "ed", -na- ni "ing", -ta- ni "will", na -me- ni "have". Jedwali amelikariri vizuri sana, na matokeo yake ni insha kama hii, ambayo ninaileta jinsi alivyoiandika:

"Yesterday I was go to the market with my mother. We buyed fish and my mother pay the money. The man did not gave us the change. When we will go again, we will not buy from him. I am liking another shop."

Makosa ninayaona, na kuyasahihisha ninaweza. Kinachonishinda ni kueleza sababu, kwa maana kila ninapomsahihisha ananiuliza ni kwa nini, na jibu la kwamba ndivyo Waingereza wanavyosema halimridhishi, wala mimi mwenyewe haliniridhishi. Je, ipo kanuni ambayo mtoto anaweza kuishika na kuitumia, au ni suala la kukariri tu?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Ndugu mzazi, mtoto anayeuliza kwa nini usimzuie, maana jibu lipo na ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba karibu kila kitu ndani ya neno moja. Ukisema "hatukumnunulia", umetaja ukanushi, watendaji, wakati, mtendewa, tendo lenyewe na kwamba tendo lilikuwa kwa ajili ya mtu fulani, yote bila kuacha nafasi kati ya herufi. Kiingereza hakina uwezo huo. Umbo la kitenzi chake hutofautisha nyakati mbili tu, uliopo na uliopita: "play" na "played", "go" na "went". Wakati ujao hauna umbo lake hata kidogo, bali hutengenezwa kwa kutanguliza neno saidizi, hasa "will", mbele ya kitenzi ambacho hakikuguswa. Kwa hiyo Kiingereza hulazimika kupanga maneno mawili, matatu au hata manne kwa foleni ili kusema kile ambacho sisi tunakisema kwa neno moja, na kanuni anayoitafuta binti yako ni kanuni ya foleni hiyo.

Kanuni ni hii: katika foleni ya maneno yanayounda kitenzi, wakati hubebwa na neno la kwanza peke yake. Yanayofuata hayana wakati. Yana umbo tu, na umbo hilo hudaiwa na neno lililotangulia. Baada ya "do", "does", "did", "will", "can" na "must", kitenzi huja kikavu, bila nyongeza yoyote: "did go", "will go". Baada ya "am", "is", "are", "was" na "were", huja na "ing": "was going". Baada ya "have", "has" na "had", huja umbo la tatu, yaani "gone", "eaten", "bought": "has gone". Foleni ikirefuka kanuni haibadiliki. Katika "has been going", neno "has" limebeba wakati, "been" ni umbo la tatu kwa sababu linaifuata "has", na "going" ina "ing" kwa sababu inaifuata "been". (Kauli ya kutendwa, kama "was taken", inadai maelezo yake, iacheni hadi haya yatulie.)

Sasa turudi kwenye insha. "I was go" imevunja madai ya "was", ambayo inataka "going". Ninavyoona mimi, binti hakukusudia kusema kwamba alikuwa njiani. Aliitumia "was" kama kibandiko cha -li-, na ndiyo hasara ya jedwali lile. Alichotaka kusema ni "nilikwenda", tendo lililokwisha, na hilo kwa Kiingereza ni "I went" bila msaidizi yeyote.

"Did not gave" ni kosa ambalo nimelisahihisha miaka yangu yote ya kufundisha, na chanzo chake ni utaratibu wetu mzuri wa Kiswahili. Sisi tukitumia vitenzi viwili, vyote viwili huvaa nafsi na vyote viwili huvaa kiambishi cha wakati au hali: "tulikuwa tunasubiri", "alikuwa amefika". Mtoto aliyezoea hivyo huona ni jambo la adabu kuvika neno la pili pia, ndiyo maana huandika "did gave" na "does goes". Mwonyeshe kwamba "did" tayari imekwisha kuuchukua wakati uliopita, na "does" imekwisha kuichukua ile "s" ya nafsi ya tatu umoja, kwa hiyo kilichobaki ni "give" na "go" tupu. Akilishika hili, ukanushi na maswali ya wakati uliopo na uliopita huwa amevimaliza kwa pamoja, kwa kuwa vyote hutegemea "do", "does" na "did". Kinachojitenga ni "be", ambayo hukanusha na kuuliza yenyewe bila msaada: "was not", "were you".

"My mother pay" nayo ni kosa la Mswahili hasa. Kichwani mtoto alikuwa na "tulinunua samaki, mama akalipa". Kiambishi -ka- hakina wakati wake. Huukopa kutoka kitenzi kilichotangulia, kwa hiyo katika masimulizi yetu -li- hutajwa mwanzoni na baada ya hapo -ka- huendesha hadithi hadi mwisho. Kiingereza hakina kifaa cha namna hiyo. Kila kitenzi katika masimulizi lazima kiuseme wakati uliopita upya: "we bought fish and my mother paid". Zoezi ninalolipendekeza ni kumpa hadithi fupi ya Kiswahili yenye -ka- nyingi, azipigie mistari, kisha amweleze mzazi kila moja ingekuwaje kwa Kiingereza kabla hajaandika neno.

Kijana wa Chuo

Ninamheshimu mwalimu, lakini nina mashaka na maelezo marefu kwa mtoto wa umri huu. Mimi nilijifunza kwa kukariri ile orodha ya safu tatu, "go, went, gone", kuanzia juu hadi chini, na nilipoimaliza sikusumbuliwa tena. Hakuna kanuni itakayomwambia mtu kwamba "buy" inakuwa "bought". Ajaribu orodha kwanza, mengine yatakuja kwa kusoma na kusikiliza.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Kijana, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani, kwa sababu orodha haikwepeki. Ninachopinga ni kuikariri kwa mpangilio wa alfabeti, kwa kuwa hapo "begin" hukaa jirani na "bend" na "bite", vitenzi visivyo na undugu wowote, na kumbukumbu hukosa pa kushika.

Kwanza mtoto aelewe kwa nini orodha hiyo ipo. Vitenzi vingi mno vya Kiingereza hufuata kanuni ya "ed", na kitenzi chochote kipya kinachozaliwa leo huifuata vilevile. Vingi kati ya vile vinavyoikataa ni mabaki ya mfumo wa kale, ambamo vitenzi vingi vilibadilisha irabu ya ndani badala ya kuongezewa mwisho. Vingi vya kundi hilo vilikwisha kuhamia kwenye "ed" kwa karne nyingi. "Help", kwa mfano, zamani kilibadili irabu, na leo ni "helped" tu. Vilivyogoma ni vile vinavyotamkwa kila siku, kwa sababu neno linalosikika kila saa halipati nafasi ya kusahauliwa. Ndiyo maana vitenzi vinavyotumika kuliko vyote, kama "be", "have", "do", "say", "go", "get", "make", "know", "think" na "take", vyote ni vikaidi. Hata "went" haikuwa ya "go". Ilikuwa umbo la wakati uliopita la kitenzi kingine, "wend", kikaazimwa na hakikurudishwa. Mtoto akijua kwamba vikaidi ndivyo atakavyovihitaji kila siku, hataona orodha kuwa adhabu.

Kisha viwekwe kwa koo, kwa kufuata sauti. Upo ukoo wa "drink, drank, drunk", ambamo wamo "sing", "ring", "swim" na "begin". Upo wa "buy, bought", ambamo "bring", "think", "fight", "catch" na "teach" hukutana kwa sauti moja japokuwa tahajia ya hivyo viwili vya mwisho, "caught" na "taught", ina "a" badala ya "o". Upo wa "know, knew, known", pamoja na "grow", "throw" na "blow". Upo wa "send, sent", pamoja na "spend", "lend" na "build". Upo wa "speak, spoke, spoken", pamoja na "break" na "steal", na karibu yake "write, wrote, written" na "drive, drove, driven". Ukoo ninaoupenda ni wa wavivu, wasiobadilika kamwe: "cut", "put", "hit", "shut", "cost", "hurt". Vyote huishia na "t", na si ajabu, kwa kuwa sauti ya mwisho tayari inafanana na ile ambayo "ed" ingeileta. "Read" huhesabiwa karibu na hawa kwa maandishi, lakini kwa matamshi wakati uliopo ni "rid" ya kuvuta na uliopita ni "red". Ukoo mmoja kwa siku unatosha, na kila kitenzi kitungiwe sentensi tatu, moja ya leo, moja ya jana na moja ya kesho.

Vile vinavyotii kanuni navyo visipuuzwe, hasa katika matamshi. Kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, wanafunzi husoma "worked" kama "wokedi". Mwisho huo una sauti tatu: ni "t" katika "worked", "washed" na "laughed", ni "d" katika "played", "cleaned" na "lived", na huongeza silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya "t" au "d", kama "wanted" na "needed". Kwa upande wa tahajia, "stop" huongeza herufi na kuwa "stopped", "carry" hugeuza "y" na kuwa "carried", lakini "play" huibakiza kwa sababu "y" yake imetanguliwa na irabu.

Mfasiri wa Mombasa

Ninaomba kuongezea upande wa -me- na -na-, kwa sababu humo ndimo hata watu wazima wenye vyeti vyao hunaswa, na mwalimu amepita mbali napo.

Kulinganisha -me- na "have" hufaa katika "amefika", ambayo kweli ni "he has arrived". Lakini Kiswahili hutumia -me- pia kueleza hali ambayo mtu ameingia na bado yumo. "Amelala" kwa kawaida maana yake ni kwamba hivi sasa yuko usingizini, na Kiingereza hutumia wakati uliopo: "he is asleep" au "he is sleeping". Ukiandika "he has slept", msomaji ataelewa kwamba mtu huyo amekwisha kupata usingizi wake na pengine ameamka. Ndivyo ilivyo kwa "amekaa", ambayo ni "he is sitting", "amevaa kanzu", ambayo ni "he is wearing a kanzu", "nimechoka", ambayo ni "I am tired", na "nimeelewa", ambayo mara nyingi ni "I understand". Swali la kumuuliza mtoto ni hili: je, tunazungumzia tendo lililomalizika, au hali ambayo mtu yumo hadi sasa? Kama ni hali, atafute wakati uliopo.

Mtego wa pili wa -me- ni siku. Sisi huweza kusema "amefika jana" na hakuna atakayeshtuka. Kiingereza hukataa kabisa "has arrived yesterday". Ukishataja wakati uliofungwa, kama "yesterday", "last week" au "in 2019", "have" na "has" haziruhusiwi, na lazima iwe "he arrived yesterday". Kwa upande wa ukanushi mambo ni mepesi, kwa kuwa -ja- yetu ina mwenzake aliye wazi: "hajafika" ni "he has not arrived yet".

Kuhusu -na-, kiambishi hiki hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha. "Mama anafundisha" inaweza kuwa kazi yake, "my mother teaches", au jambo analolifanya dakika hii, "my mother is teaching". Kuna kipimo ambacho ninakitumia kila siku kazini: weka hu- mahali pa -na-. Ikiwa "mama hufundisha" inabakiza maana uliyoikusudia, tumia umbo fupi na usisahau "s" ya nafsi ya tatu. Ikiwa maana inaharibika, na badala yake "sasa hivi" inaingia vizuri, tumia "ing".

Kosa la "I am liking" ni tofauti kidogo. Kuna vitenzi vya Kiingereza vinavyotaja hali ya moyo au ya akili, visivyotaja tendo: "like", "love", "know", "want", "need", "believe", "understand". Hivi kwa kawaida havipokei "ing" hata kama jambo liko moyoni dakika hii. "Ninajua" ni "I know", "ninahitaji" ni "I need". Vitenzi hivi si vingi; mtoto avikariri, kijana wa chuo atafurahi.

Mzazi wa Kibaha

Mwalimu, shikamoo, na nyote ninawashukuru. Kipimo cha hu- amekijaribu jana jioni na kimemfaa papo hapo. Limebaki jambo la wakati ujao. Sentensi yake ya "When we will go again" nimeibadilisha kuwa "When we go again", naye ameng'ang'ania kwamba kwenda huko hakujatokea bado, kwa hiyo "will" lazima iwepo. Kwa kweli hoja yake ninaiona ni ya haki.

Mhariri, Tanga

Hoja ya binti ni ya haki kwa Kiswahili, na ndiyo maana kosa hili huwafuata hata watu wanaoandika Kiingereza kizuri. Kichwani ana "tutakapokwenda", ambayo ndani yake wakati ujao umetajwa waziwazi. Ile -taka- ndilo umbo refu la -ta-, nayo inatokana na kitenzi "kutaka". "Will" pia zamani ilimaanisha kutaka, kwa hiyo lugha hizi mbili zimepata alama ya wakati ujao kwa njia moja. Zinapoachana ni hapa: Kiswahili hutaja wakati ujao katika sehemu zote mbili za sentensi, "tutakapokwenda hatutanunua", na Kiingereza huutaja katika sehemu kuu pekee, kisha huacha "when", "if", "before", "after" na "until" zifuatwe na wakati uliopo. "We will not buy" imekwisha kumwambia msomaji kwamba tunazungumzia mbele, basi "when we go" haihitaji kurudia.

Dawa anayo tayari katika lugha yake. Kila anapotaka kuandika "tutakapokwenda", aigeuze kwanza kuwa "tukienda". Kiambishi -ki- hakitaji wakati ujao, na hivyo kitamwongoza mwenyewe kwenye "when we go" au "if we go", kulingana na maana. "Akija nitamwambia" ni "if he comes, I will tell him", sehemu kwa sehemu.

Tahadhari moja. Si kila "when" hukataa "will". Katika "I do not know when he will come", neno hilo ni swali, na Kiswahili chake ni "sijui atakuja lini". Kwa hiyo asikilize Kiswahili kinasemaje: penye "lini", "will" huruhusiwa, penye -po- au -ki-, haiwekwi.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Marahaba, mzazi. Mhariri amelimaliza vizuri, nami ninaongeza kidogo tu kuhusu "will", kwa kuwa shuleni atakutana na njia nyingine za kuueleza wakati ujao na zisimtishe.

"Going to" hutumika kwa nia iliyokwisha kupangwa, "I am going to study tonight", na kwa jambo ambalo dalili zake zinaonekana, kama mtu anayetazama mawingu na kusema "it is going to rain". "Will" hufaa zaidi kwa ahadi, kwa utabiri, na kwa uamuzi unaofanywa hapohapo: simu inalia, mtu anasema "I will answer it". Mpaka kati ya hizi mbili si ukuta, na mwalimu mwenye busara hatamkata mtoto alama pale ambapo zote zinakubalika. "Shall" ataiona vitabuni pamoja na "I" na "we", na ataihitaji katika maswali ya kushauriana kama "shall we go?", ambayo ni "twende?" yetu.

Zaidi ya hapo, mipango thabiti inaweza kusemwa kwa wakati uliopo wenye "ing", na hapa jedwali la -na- linapata bahati, kwa sababu "kesho ninasafiri" ni "I am travelling tomorrow" kabisa. Ratiba nazo husemwa kwa wakati uliopo mfupi: "the boat leaves at seven tomorrow morning", yaani boti inaondoka kesho saa moja asubuhi. Saa mfundisheni siku nyingine.